Tundu la milimita 0.8 au 1.0 kwenye bodi ya saketi
Kwa sisi tunaotengeneza bodi za saketi za upande mmoja (zenye shaba upande mmoja tu) hapa Mtwara, tundu la milimita 0.8 linaushika vizuri mguu wa rizista (kipande kinachozuia mkondo wa umeme) ya robo wati, wenye unene wa takriban milimita 0.6, hivyo rizista haichezi wakati wa kulehemu. Mguu wa diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007, hata hivyo, unakaribia milimita 0.8, na ukilazimishwa humo unaweza kuibandua shaba. Tundu la milimita 1.0 huupokea bila taabu, lakini linadai duara la shaba kulizunguka lenye kipenyo cha milimita 2 au zaidi, kwa kuwa ndani ya tundu hamna shaba na lehemu yote hushikilia duara hilo tu. Mimi hutoboa yote mawili, ingawa kubadilisha keekee kunachosha.