Atlasi, tufe au ramani ya ukutani: uanze na ipi?

Anayeanza kusoma jiografia na ana fedha za kununua kitu kimoja tu, namshauri achukue atlasi. Majina ya miji hata simu yako inayo. Thamani ya atlasi ni kwamba eneo moja limechorwa mara nyingi, kila ramani na mada yake. Fungua ramani ya mvua ya Afrika, kisha ya msongamano wa watu. Misri karibu haipati mvua, ilhali watu wake wamebanana kwenye ukanda mwembamba kando ya Nile na kwenye delta yake. Rudi kwenye mvua, uufuate mto kwenda juu: maji yanatoka Ethiopia na ukanda wa Maziwa Makuu. Kuuliza kwa nini kitu kipo hapa na si pale, hiyo ndiyo jiografia.

Kwa hiyo ipekue kabla ya kulipa. Isiyo na ramani za mvua, udongo, miamba na watu, iache hapo hapo dukani. Angalia skeli pia: kwenye 1:1,000,000 sentimita moja ni kilomita 10; kwenye 1:40,000,000 ni kilomita 400, na wilaya nzima inapotea. Kujua kama imepitwa na wakati, tafuta Sudan Kusini (2011), Eswatini (2018) na Masedonia Kaskazini (2019).

La pili ni tufe, yaani mfano wa dunia wenye umbo la mpira, maana ndilo pekee linaloonyesha dunia bila kuivuta wala kuibana. Nyoosha uzi kutoka Tokyo hadi New York, utaona njia fupi inapanda hadi Alaska. Chukua lenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, na mhimili ulioinama nyuzi 23.5.

Ramani ya ukutani naiweka ya tatu, na hapa uwe macho. Zile zinazofuata mchoro wa mchoraji ramani Mercator wa 1569 ziliwafaa mabaharia kushika mwelekeo, lakini nchi zinavimba kadiri zinavyosogea kwenye ncha. Humo Greenland inaonekana kulingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko hiyo mara 14 hivi! Tafadhali usimtundikie mtoto ramani hiyo. Ulizia Equal Earth, ya 2018, inayotunza ukubwa halisi wa maeneo.

Dira inaweza kusubiri mpaka uanze kwenda nje na ramani ya kontua, yaani mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Siku hiyo nunua yenye kitako kinachopenya mwanga, ili usome ramani iliyo chini yake.