Mfuko wa ngumi wa kusimama kwa nyumba ya Goma: upi ununue, upi uuache

Goma nyumba nyingi ni za mbao, na hapo ndipo habari ya mfuko wa ngumi inapoanzia. Mfuko wa kuning'iniza wa kilo 35 au 40 unahitaji boriti inayobeba uzito wake pamoja na mtikisiko wa kila teke. Ufunge kwenye kenchi za nyumba ya mbao na mabati, piga mawashi geri (teke la kuzungusha) tatu za nguvu, uone sahani zinavyocheza kabatini na misumari inavyoanza kulegea. Jirani mnayepakana ukuta kwa ukuta atakuja kuuliza kuna nini, na mwenye nyumba atafuata. Ndiyo maana wanaofanya karate, taekwondo au ndondi nyumbani, iwe Himbi, Majengo au Ndosho, mara nyingi huishia kutafuta mfuko unaojisimamia wenyewe.

Mifuko hii ukiiona dukani inafanana. Nguzo nene ya sponji iliyovalishwa ngozi ya bandia, chini kitako cha plastiki cha mviringo. Muuzaji atausukuma kwa kiganja, urudi wima, halafu akuambie: "Mukubwa, iyi haianguki!" Kwa kiganja, ni kweli haianguki. Wewe mwulize kitako kinaingia lita ngapi. Wengi hawajui, basi geuza kitako utafute maandishi yaliyochorwa kwenye plastiki, au pima kwa futi upana na kina chake.

Kitako ndicho unachonunua

Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya mchanga mkavu mzuri ni kama kilo moja na nusu au zaidi kidogo. Kitako cha lita 75 basi kikijazwa maji kina kilo 75, kikijazwa mchanga kinakaribia kilo 120, na ukimimina maji juu ya mchanga huo yajaze nafasi zilizobaki, unavuka 140. Mtu mzima anayepiga mateke asikubali chini ya kilo 110. Kwa mtoto au kwa ngumi za wepesi tu, maji yanatosha, na bidoni nne za njano zitabakiza kidogo.

Ila mchanga wa hapa una mambo yake. Sehemu kubwa ya kile kinachouzwa kando ya barabara ni mabaki ya volkano, meusi, yenye vitundu vingi ndani, na vitundu ni hewa. Kabla hujamlipa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, chukua kidumu cha lita 5, kijaze mchanga wake, kipime kwenye mizani ya muuza maharage. Ukipata kilo 8, nunua. Ukipata kilo 5, hujapata faida yoyote kuliko maji, na umejiongezea kazi ya kuutoa siku utakapohama. Mchanga wa mtoni au wa ziwani kwa kawaida ni mzito zaidi. Uanike kwanza juu ya shitingi (turubai la plastiki) mpaka ukauke kabisa, uchekeche, kisha utumie chupa iliyokatwa kama faneli. Mchanga mbichi huziba tundu na utakaa hapo mpaka jioni. Atakayeweka maji atie kifuniko kimoja au viwili vya javeli (dawa ya kung'arisha nguo), la sivyo baada ya muda kitako kitanuka kama mtaro.

Uzito si kila kitu, upana nao una kazi yake. Kitako cha kilo 120 chenye nusu-kipenyo cha sentimita 30 kinaanza kunyanyuka kikisukumwa taratibu kwa nguvu ya kama kilo 24 tu kwenye urefu wa mita moja na nusu. Ongeza sentimita 5 kwenye nusu-kipenyo hicho, sasa inahitajika nguvu ya kilo 28. Ngumi ya haraka haisukumi hivyo, maana sponji na shingo hunyonya sehemu kubwa. Lakini mae geri, teke la mbele, ya kifuani husukuma kwelikweli. Kati ya kitako chembamba kirefu na kipana kifupi vyenye lita sawa, bila kufikiri chukua kipana.

Kuna vitu viwili vya kupapasa kwa vidole kabla ya kulipa. Cha kwanza ni kizibo: kinapaswa kuwa na mpira wake wa kuzuia maji, na uzi usiopishana. Cha pili ni pale shingo inapoingia kwenye kitako. Pitisha ukucha kuzunguka duara lote. Ukihisi mstari mwembamba, hata kama haupitishi kitu, huo ni ufa unaoanza, na kwa mfuko wa mtumba ndio ugonjwa wa kawaida. Halafu bonyeza sponji kwa dole gumba katikati ya urefu. Ikirudi polepole au ukagusa bomba gumu ndani, sponji imekufa na kifundo chako cha mkono ndicho kitakachopokea kila pigo.

Nikiipanga kwa daraja

Nafasi ya kwanza naupa mfuko mrefu wenye sponji inayoshuka mpaka karibu na kitako, urefu wote kama sentimita 170 au zaidi. Kampuni ya Century ya Marekani ina wa namna hii uitwao Wavemaster XXL, na wako wengine wengi wa Kichina wa umbo hilohilo, baadhi wazuri tu. Sababu ni miguu. Mifuko ya kawaida ina shingo ya plastiki iliyo wazi kati ya sponji na kitako, na anayepiga teke la chini kwenye paja, kama wa muay thai, siku moja ataikuta shingo hiyo kwa mfupa wa goko. Ukiwa mtu wa ndondi tupu, mfuko mfupi wa kurekebisha urefu unakutosha, na una faida kwamba baba na mtoto wanautumia wote. Wa kurekebisha angalia pini: iwe ya chuma na iingie bila kucheza. Ikicheza leo, itakatika.

Ya pili, na kwa mwenye ua ningeiweka ya kwanza, ni nguzo ya matairi ya kujitengenezea. Tairi la lori linalazwa chini, bomba la chuma linasimamishwa katikati, unamwaga zege: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Zege ikishakauka, na uipe wiki nzima ya kunyunyiziwa maji kabla ya kuigusa, unavalisha matairi ya gari dogo moja juu ya jingine na kuyakaza kwa vipande vya mpira wa ndani. Juu yake sponji ya godoro, kisha turubai. Haitembei, haivuji, na ikichakaa unabadilisha tairi tu. Kataa tairi lililoonyesha nyaya, litakuchana hata kupitia glavu. Na toboa matairi upande wa chini yote, kwa sababu mvua za Goma zitayajaza maji na mbu watakushukuru. Ubaya wake ni mmoja: hainyumbuki kama sponji ya kiwandani, kwa hiyo anayeanza apige nusu ya nguvu yake kwa muda mrefu kuliko anavyodhani.

Ya tatu ni sanamu ya mtu, kichwa na kiwiliwili bila mikono wala miguu. Inayojulikana zaidi ni BOB, nayo ya Century, ambayo kitako chake kikijaa hufika kilo 120 hivi. Kwa kulenga haina mpinzani: kidevu kipo, koo lipo, ini unajua liko wapi. Wa karate na wa kujilinda wataipenda. Lakini bei yake mara nyingi ni maradufu ya mfuko wa kawaida, teke la chini halina pa kutua, na watoto wa jirani wataiogopa usiku. Kwa klabu inayochanga, ndiyo. Kwa mtu mmoja na mshahara mmoja, sioni haraka yake.

Makiwara ya kusimama, yaani ubao wa kupigia ngumi, iko hapohapo karibu, kwa karate tu. Ya asili hupandwa ardhini, na aliyewahi kuchimba shimo la choo katika mtaa uliopitiwa na lava ya 2002 anajua kwa nini hapa ni heri kuifunga kwenye ndoo ya zege. Ubao uwe mnene chini na mwembamba juu, uweze kupinda. Fundi seremala yeyote ataitengeneza asubuhi moja.

Chini yao ndiyo inakuja mpira mdogo juu ya springi. Unafundisha macho na muda, haufundishi nguvu. Nyingi huuzwa na vinyonyeo vya mpira chini ya kitako, na vinyonyeo hivyo vinashika kwenye vigae laini tu. Kwenye sakafu ya saruji iliyokwaruzwa au mbao havishiki hata dakika moja. Mfuko wa kujazwa upepo sina la kusema sana: ardhi hii ni mawe makali, nawe unajua mwisho wake.

Kuuleta na kuuweka

Birere, mtaa wa maduka hapa Goma, utaipata mifuko michache, na chaguo ni dogo. Wengi huagiza Kigali au Kampala, au kupitia wasafirishaji wa mizigo kutoka China. Hapo jihadhari na hesabu ya ujazo. Kwa ndege, katoni ya sentimita 70 kwa 70 kwa 60 inahesabiwa hivi: zidisha zote, gawanya kwa 6000, unapata kilo 49. Mizani inaweza kusema kilo 15, wewe utalipia 49, kwa sababu kitako kitupu ni hewa iliyozungushiwa plastiki. Kwa hiyo uliza bei ya kufikisha mlangoni kwako kabla ya kushangilia bei ya mfuko. Ukikutana na msafiri anayerudi na gari kutoka Kigali, kitako hicho anaweza kukijaza nguo zake, mkapatana.

Ukishaufikisha, jaza maji kwanza na uuache usiku kucha kwenye saruji kavu. Asubuhi kama hakuna doa chini, ndipo uyamwage na kuanza habari ya mchanga. Ndani ya nyumba yenye sakafu ya mbao uweke pale magogo ya chini yanapokutana, wala si katikati ya ubao, na utandike kipande cha zulia nene au mpira. Mlio unapungua na kitako hakitelezi sana. Nje, ufunike kwa shitingi. Jua la hapa juu, mita 1,500, linapasua ngozi ya bandia upesi kuliko ngumi zako, na vumbi jeusi likishaingia kwenye mishono linafanya kazi ya msasa.

Usiache dola zote kwenye mfuko. Glavu za aunsi 14 au 16 na bendeji za kufunga mikono za mita 4 na nusu ziwemo kwenye bajeti ileile, na kama fedha hazitoshi vyote, anza na hizo na matairi.