Tovuti ya Kampeni na Mitandao ya Kijamii
Mgombea anayejenga tovuti hupata uwanja anaoumiliki mwenyewe: ilani yake hukaa pale ikiwa nzima, na anwani za barua pepe za wanaojiandikisha hubaki mikononi mwa kampeni. Mitandao ya kijamii humfikisha mahali ambapo wapiga kura wamekwisha kukusanyika, lakini kanuni huwekwa na kampuni zinazoimiliki. Mwaka 2019 Twitter ilipiga marufuku matangazo ya kisiasa ya kulipia, na kampeni zililazimika kutii.

Kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2008 nchini Marekani ilitumia njia zote mbili, ila nguvu yake, kwa maoni yangu, ilikuwa katika tovuti yake, My.BarackObama.com, ambako mfuasi aliweza kufungua ukurasa wake, kuandaa mkutano nyumbani kwake, kuwapigia simu wapiga kura na kuchangisha fedha. Kubofya alama ya kupenda kwenye mitandao ya kijamii ni jambo la sekunde moja, na wala si kura. Hata hivyo, uvumi unapozuka usiku, tovuti husubiri kutembelewa, ilhali video fupi ya mgombea akijibu mwenyewe husambazwa na wafuasi papo hapo.