Tofauti kilo 0.00 na bado inagoma: programu ya mauzo ninayoitumia Mwaloni

Nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya huruma.

Nauza minofu ya sangara na mabondo (vile vibofu vya hewa vya samaki) hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Huu ni mwezi wa tano natumia programu ya mauzo niliyouziwa na jamaa fulani wa mjini. Jina la kampuni naliacha. Mazuri yapo. Umeme ukikatika inaendelea kwenye simu, risiti inatoka chapuchapu, na uzito inausoma yenyewe kutoka kwenye mizani, hakuna tena kuandika na vidole vilivyoganda barafu.

Shida ilianza wiki ya pili. Mteja wa Capri Point hela yake ilitosha kilo 3.3 za minofu. Kijana wangu akapima pakiti mbili, 1.1 na 2.2. Skrini ikaandika: "Mzigo haujatimia. Tofauti: kilo 0.00." Kitufe cha risiti kikawa kijivu, hakibonyezeki. Pima tena, yale yale. Bodaboda anapiga honi, barafu inayeyuka.

Cha ajabu, mara nyingine ilikubali bila kelele. Nusu na robo, inapita. Nusu na nusu, inapita. Nikaanza kumshuku kijana kwamba anachezea mizani. Mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo, lakini hasira haisomi stika. Nilimsema vibaya mbele za watu.

Mtoto wa kaka yangu anasomea kompyuta. Alipokuja likizo akacheka. "Shangazi, kijana hana kosa. Kompyuta ndiyo haiijui 1.1." Akafungua laptopu, akaandika 1.1 + 2.2. Jibu: 3.3000000000000003. Nilivaa miwani nihesabu hizo sifuri. Kumbe desimali ndani ya mashine hujengwa kwa nusu, robo, thumuni, na kuendelea kushuka hivyo hivyo. Kilo 0.75 ni nusu na robo, inakaa barabara. Moja ya kumi huipati kwa vipande hivyo hata ukikata mpaka kesho, kama theluthi isivyoisha ukiiandika 0.333. Basi mashine inakata ikifika tarakimu 53 za sifuri na moja, inakadiria, inaendelea na kazi. Kanuni yenyewe, IEEE 754, ipo tangu 1985, kwa hiyo hilo siwalaumu. Ninachowalaumu ni kuuliza "hizi mbili ni sawasawa kabisa?" pale ambapo wangeuliza "zimekaribiana vya kutosha?" Halafu kwenye skrini wananionyesha desimali mbili tu, ndiyo maana naambiwa napungukiwa na sifuri!

Huduma kwa wateja: nilipiga simu mara tatu. Wa kwanza aliniambia nizime niwashe. Baada ya wiki tatu likaja toleo jipya, tofauti isiyozidi gramu 10 inahesabiwa sawa. Minofu ikapita, nikashangilia mapema. Mwezi uliopita nilikuwa na oda ya mabondo gramu 480. Zikapimwa 472, na programu ikaandika kwa kijani, "Mzigo umetimia." Mnunuzi akapima kwake, akanipigia. Kwenye kreti la minofu gramu 10 ni maji yanayodondoka. Kwenye mabondo, kwa bei yake, ni ugomvi.

Mtoto wa kaka anasema wangetunza gramu nzima nzima tangu mwanzo: 1100 na 2200 ni 3300, hakuna mkia, na hapo swali la "sawasawa kabisa" lina haki ya kuulizwa, maana mizani yangu yenyewe haisomi chini ya gramu moja. Nimewaandikia hivyo. Wamejibu, "Tumepokea."

Kwa sasa minofu iko kwenye programu, mabondo yamerudi kwenye kauntabuku. Na kijana nimemwomba radhi, mbele ya wale wale.