Lenzi tatu za kunyoosha mwanga wa LED: nimezijaribu

Nafundisha fizikia sekondari hapa Morogoro. Leza ya mkononi siitaki darasani, mtoto mmoja akimmulika mwenzake jichoni ni balaa. Nikanunua lenzi tatu, zote kipenyo cha milimita 25, nipate miale sambamba kutoka kwenye LED nyeupe yenye kijiwe cha milimita 1.

Ninayoitumia kila wiki ni ile yenye upande mmoja bapa na mwingine mbinuko, fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale inapokusanya miale sambamba) milimita 50. Mwanzoni niliifunga kinyume, mbinuko ukitazama taa, nikapata duara lenye ukungu pembeni. Nilipoigeuza, bapa kwenye taa na mbinuko ukutani, kingo zikatulia. Ikikaa hivyo nyuso zote mbili zinagawana kazi ya kupinda miale. Ikikaa kinyume, uso wa mbinuko unaibeba yote peke yake.

Kwenye ukuta ulio umbali wa mita 4, duara lilifika sentimita 10 na ushee. Usidhani lenzi ni mbovu. LED si nukta, ina upana. Gawanya milimita 1 kwa 50: kila mita moja, mwanga unatanuka sentimita 2, juu ya sentimita 2.5 za lenzi yenyewe. Ukitaka usitanuke hivyo, tafuta fokasi ndefu zaidi, ila mwanga utafifia.

Ya pili ni asferiki, yaani uso wake si kipande cha tufe, fokasi milimita 20. Inang'aa kweli! Inachota zaidi ya robo ya mwanga wa LED, wakati ile ya kwanza inachota kama asilimia 6 tu. Lakini kwenye ukuta uleule duara lilikuwa sentimita 22, na ukiisogeza milimita moja tu mwanga unavurugika. Kwa majaribio ya mezani, kwenye nusu mita, ni nzuri sana.

Ya tatu, mbinuko pande zote mbili, imenikera. Pakiti iliandikwa fokasi 50. Nikaielekeza dirishani, mwembe wa uwanjani ukatokea kichwa chini juu ya karatasi, rula ikasoma milimita 43 kutoka lenzi hadi karatasi, na hiyo ndiyo fokasi yake. Muuzaji hajajibu ujumbe wangu mpaka leo. Kingo za duara lake nazo zina ukungu kuliko ile ya kwanza.

Zote tatu zinaacha utepe mwembamba wa rangi pembeni. Kwa somo la spektra, yaani rangi zinazounda mwanga, nitaagiza akromatiki, ile ya vioo viwili vilivyogandishwa pamoja ili kupunguza utepe huo, na ikifika nitaipeleka kwanza dirishani kwenye mwembe.