Upanga wa Cloud: foamu ya EVA au printa ya 3D?

Unataka kujitengenezea upanga wa kuigiza wa Cloud, shujaa wa mchezo wa video Final Fantasy VII (1997)? Ni bapa pana lililonyooka, na hapo foamu ya EVA (sponji ya plastiki, kama ya soli za ndala) haina mpinzani. Kata tabaka tatu za milimita 10. Ile ya kati itobolewe mfereji wa kulaza ufito wa mbao wenye unene uleule, uanzie mpinini hadi karibu na ncha. Bila uti huo, bapa hulegea kama jani la mgomba.

Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili, kisha usubiri dakika 10 hivi, hadi isinate kidoleni. Ukiwa na pupa, mvuke hunaswa ndani na kingo hufumuka. Kabla ya rangi, pitisha hewa moto mpaka foamu ing'ae kidogo: vitundu vimeziba.

Printa hushinda kwenye mpini na kona kali. Bapa? Ni kujitesa tu: vipande vingi, kila kiungo pini na puti, kisha msasa namba 120 hadi 400. Na PLA, plastiki inayotumiwa sana kwenye printa hizo, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kwa hiyo usiuache ndani ya gari juani.