Sanduku la oksijeni la boti ya mbizi: ni zuri, ila mtungi mmoja hautoshi

Mpiga mbizi amepanda botini akiwa mzima, anacheka na wenzake. Robo saa baadaye bega linamuuma, vidole vimeingia ganzi, na uchovu alionao haulingani na kazi aliyofanya. Hiyo ni nitrojeni ya hewa aliyoivuta kule chini, iliyogeuka mapovu mwilini. Kuanzia dakika hiyo aliyempeleka baharini ndiye anayewajibika, na jambo la kwanza analodaiwa ni oksijeni, asilimia 100, bila kusubiri kuona kama maumivu yatapita yenyewe. Ndiyo maana tunalipima sanduku hili kwa jicho kali kuliko tunavyopima fini au barakoa.

Tunazungumzia masanduku ya aina ya DAN, mtandao wa usalama wa wapiga mbizi ulioanzishwa Marekani mwaka 1980, na yanayofanana nayo: kasha gumu la plastiki lisiloingiza maji, mtungi wa alumini, regyuleta yenye geji, barakoa yenye mfuko wa akiba, barakoa ya kumpulizia asiyepumua, na kwenye matoleo bora vali inayotoa gesi pale tu mgonjwa anapovuta pumzi. Kasha lenyewe halina kasoro ya maana. Linahimili kurushwarushwa na mawimbi, na mpira wa ukingo wa kifuniko huzuia maji vizuri ukifutwa mchanga kila wiki.

Tatizo ni lita. Mtungi mdogo unaouzwa na matoleo ya bei nafuu hubeba takriban lita 420. Barakoa yenye mfuko hutumia lita 15 kwa dakika. Gawanya: dakika 28. Mtungi mkubwa kidogo, wa lita 640 hivi, unafika dakika 42. Sasa weka hesabu hiyo juu ya bahari yetu. Boti imetoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwenda kisiwa cha Mnemba. Kurudi ni kama dakika 50, halafu kuna barabara hadi Mjini, tuseme dakika 90. Jumla ni dakika 140, sawa na lita 2,100, na hapo hujaweka akiba yoyote. Upande wa mashariki hali huwa ngumu zaidi: siku za bamvua maji yakiwa yamekupwa, boti haiingii ndani ya mwamba, na mgonjwa husubiri nje au hubebwa kwa miguu hadi ufukweni. Kituo chenye mtungi mmoja wa lita 420 kimenunua picha ya kuonyesha wageni.

Kwa hiyo toleo la kununua ni lenye mitungi miwili mikubwa na vali ya kuvuta. Vali hiyo ndiyo inayolibeba sanduku zima. Mtu aliyetulia hupumua lita 8 hivi kwa dakika, hivyo safari ile ile ya dakika 140 inahitaji takriban lita 1,120, na mitungi miwili ya lita 640 inaimaliza. Tena mgonjwa hupata oksijeni iliyo karibu kabisa na asilimia 100, wakati barakoa ya mfuko huvujisha pembeni na kuchanganya hewa ya kawaida. Masharti yake: awe na fahamu, apumue mwenyewe, na barakoa ikae sawasawa usoni. Ndevu nyingi huvujisha. Ibane kwa mikono miwili. Na kumbuka mwenzake aliyepiga mbizi naye. Alikwenda kina kile kile kwa muda ule ule, kwa hiyo anaweza kuugua saa moja baadaye. Mgonjwa wa pili atatumia barakoa ya mfuko, na ndiye atakayezimaliza lita zako. Weka mtungi wa tatu, mkubwa, ufukweni.

Kabla ya kulipa, nenda kwa wanaojaza gesi ukiwa na picha ya kichwa cha mtungi. Mitungi mingi ya masanduku haya hufungwa kwa pini mbili zinazoingia kwenye matundu maalumu ya oksijeni, na si kila mjazaji ana kiunganishi chake. Wengine hugundua hilo mtungi ukiwa tayari mtupu. Omba oksijeni ya hospitali, si ya mafundi wa kuchomelea.

Kinachoharibika mara nyingi ni kitu kidogo kuliko vyote: washa, yaani kipete cha kuzuia gesi isivuje kati ya mtungi na regyuleta. Ile ya plastiki hukandamizwa mara moja tu; ukiirudia, gesi huvuja kwa mlio mwembamba na geji inashuka mbele ya macho yako. Nunua ya mpira yenye pete ya shaba, na ufunge mbili za akiba ndani ya kifuniko. Spana ya kufungulia ifungwe kwa kamba, la sivyo siku ya siku itakuwa kwenye boti nyingine. Fungua mtungi polepole, mikono ikiwa safi: mafuta ya kujikinga na jua yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo yanaweza kuwaka. Usitie grisi popote, hata uzi ukikaza. Barakoa ya mfuko ijazwe kwanza, kidole kikiwa kimeziba vali ya ndani, ndipo ivalishwe. Ukimvalisha mfuko ukiwa mtupu, atahisi anakabwa na ataivua.

Mgonjwa alazwe chali. Akiwa na fahamu na hatapiki, anywe maji kidogo kidogo. Asirudishwe majini, hata kama nahodha wa zamani anasema ndivyo walivyofanya enzi zao. Akisafirishwa kwa ndege kutoka Mafia au Pemba, iruke chini ya mita 300 au iwe na mgandamizo wa usawa wa bahari. Maumivu yakipungua kwa oksijeni, bado ni lazima amwone daktari wa mbizi. Nafuu hiyo imedanganya wengi.

Kasoro kubwa iliyobaki ni karatasi. Kadi inayokuja na sanduku inaeleza kutoa oksijeni na kuishia hapo, wakati uwajibikaji ndipo unapoanza kuwa mzito. Tengeneza yako. Iandikwe saa dalili ilipoanza, saa oksijeni ilipofunguliwa, kina cha juu kabisa, muda aliokaa chini ya maji, mapumziko kati ya mbizi mbili, na kama alisimama dakika 3 kwenye mita 5. Kompyuta yake ya mbizi, ile ya kuvaa mkononi inayorekodi kina na muda, isifutwe wala kutolewa betri. Mtungi wake wa hewa ufungwe, hesabu ya mizunguko ya vali iandikwe, na hewa iliyobaki isimwagwe. Kama kompresa iliyoujaza ilikuwa inavuta moshi wa jenereta, ushahidi umo humo. Vifaa vyote viwekwe pembeni bila kusuuzwa. Kila aliyekuwa botini aandike alichoona, peke yake, siku hiyo hiyo.

Usiruhusu mtu yeyote kituoni aanze kusema "alipanda haraka". Kompyuta itaonyesha kama kasi yake ya kupanda ilipita mita 9 kwa dakika au la, na wapo wanaougua wakiwa wamefuata kila kanuni. Ile fomu ya kukubali hatari aliyosaini asubuhi haifuti uzembe wa aliyempeleka mbizi. Familia ipigiwe simu na mwenye kituo mwenyewe, iambiwe yanayojulikana na hospitali anakopelekwa.

Kadi hiyo ibandikwe ndani ya kifuniko, juu ya washa za akiba, na penseli ifungwe kwa uzi pembeni. Kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa.